Nikipiga 999 kila mara, paramediki wananichukuliaje?

Swali: Kaka, tupo Leicester, Uingereza, kijana wangu ana miaka 19 na ana sikoseli. Toka Januari mpaka huu mwezi wa sita nimeita ambulensi mara sita, juzi mmoja wao kaingia tu mlangoni akasema "nyie tena?" Ndo tumeshawekwa kwenye orodha mbaya? Siku nikipiga wasije?

Jibu: Pole sana dada, lile neno halikutakiwa kusemwa, tena mbele ya mgonjwa. Sikufichi, sisi paramediki, wahudumu wa ambulensi, tunachoka kweli, unakuta zamu ya masaa 12 unarudi kwa bibi yuleyule kaanguka bafuni palepale na mpaka leo hakuna aliyemfungia hata chuma cha kushikia, unatoka pale moyo umevunjika, sasa kuna wenzetu hasira hizo wanamshushia mgonjwa. Kwa sikoseli ndo balaa zaidi, kijana akiomba mofini, ile dawa kali ya maumivu, anaonekana teja. Ripoti ya kundi la wabunge wa Uingereza ya 2021 ilisema hilo wazi, na mimi nimelisikia kwa masikio yangu ndani ya gari, linaniuma mpaka leo.

Orodha ipo ila siyo ya kumnyima mtu gari. Huku mtu mzima anahesabika mpigaji wa mara kwa mara akipiga mara 5 au zaidi ndani ya mwezi, au 12 ndani ya miezi mitatu, nyie hamjafika hata karibu. Na angefika, kuna timu inakaa na GP wake (daktari wake wa mtaani) na hospitali kuangalia amekosa nini mpaka anapiga hivyo.

Ukipiga usiseme "maumivu yake ya siku zote", hapo unamrudisha nyuma kwenye foleni. Sema kilichopo leo: homa, kifua kinabana, anahema kwa shida, uso au mkono umelegea.

Halafu nenda kliniki yake ya sikoseli wakuandikie mpango wa matibabu, dawa gani inamsaidia, dozi, apelekwe hospitali ipi, waombe wautume na huduma ya ambulensi ili tukija kwenu tuwe tumeshausoma, kopi nyingine bandika kwenye friji. Mkifika hospitali taja mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, dawa ya maumivu apewe ndani ya dakika 30, ukiona kimya waulize tena.

Na yule wa juzi mlalamikie kwa maandishi kwenye huduma ya ambulensi dada, weka tarehe na saa, watajua nani alikuwa zamu.