Programu ilisema nasoma maneno 450 kwa dakika, bibi yangu akakataa

Mwezi wa kwanza nilipata nyota tano. Kioo cha laptopu kiliniandikia kwa rangi ya kijani: maneno 450 kwa dakika. Nikapiga picha, nikawatumia wenzangu tunaosoma nao uhasibu jioni hapa mjini Mombasa. Kilichonisukuma kuanza mazoezi haya ya kusoma haraka kwa kompyuta ni aibu. Kwenye mtihani uliopita muda uliniishia nikiwa na maswali mawili ambayo sikuwa nimeyasoma, sembuse kuyajibu. Mchana nashinda kwenye ofisi ya wakala wa mizigo, makaratasi mpaka macho yanauma, kwa hiyo nilidhani dawa ni kuyafundisha macho mbio.

Programu niliyoanza nayo ni ile inayokuonyesha neno moja moja katikati ya kioo. Linatokea, linapotea, linakuja jingine. Wewe umekodoa tu. Raha yake siwezi kuikana, unajihisi mwerevu.

Kisha jioni moja, baada ya magharibi, nikiwa barazani kwetu Kibokoni, nikajaribu makala fupi ya Kiswahili kuhusu kivuko cha Likoni. Bibi alikuwa kando yangu na kikombe chake cha kahawa. Nilipomaliza akaniambia, "Haya, nihadithie." Nikamwambia wenye magari watalipa, na waendao kwa miguu nao watatozwa. Bibi akatua kikombe. "Watatozwa? Tangu lini?" Kila Alhamisi yeye huvuka kwenda Likoni kumwona dada yake, na maisha yake yote hajawahi kulipa kwa miguu yake mwenyewe. Nikashikilia langu. Alhamisi akatoka na sarafu amezifunga kwenye pindo la leso, akarudi nazo vilevile, na maneno juu.

Niliirudia ile makala polepole. Ilikuwa imeandikwa "hawatatozwa". Silabi moja tu, "ha", ilipita mbele ya macho yangu kama piki piki.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza jicho linasomaje. Kumbe jicho halitelezi juu ya mstari, linaruka. Linatua kama robo ya sekunde, linaona vizuri herufi chache, linaruka tena. Na mara kwa mara linarudi nyuma. Mimi nilifundishwa na ile programu kwamba kurudi nyuma ni uvivu. Sivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwasomesha watu sentensi ambazo kila neno lilifunikwa mara tu jicho lilipolipita, hata msomaji akirudi asilikute. Uelewa ulishuka. Programu ya neno moja moja inakufanyia hivyohivyo, tena unailipia.

Na ile 450? Mwaka 2019 Marc Brysbaert, mtafiti wa Ubelgiji, alijumlisha tafiti 190 akakuta mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya, maandishi yasiyo ya hadithi, hupata wastani wa maneno 238 kwa dakika. Hayo ni maneno ya Kiingereza. Sisi neno moja, "hawakumwambia", limebeba mtenda, kukanusha, wakati na mtendwa. Kwa hiyo ukijipima kwa Kiswahili ukapata namba ndogo kuliko ya rafiki yako anayesoma Kiingereza, usijitie unyonge. Linganisha namba yako ya Kiswahili na namba yako ya Kiswahili ya mwezi jana, basi.

Kompyuta sikuitupa. Nilibadilisha zoezi. Sasa natumia programu inayoacha ukurasa mzima mbele yangu, na kivuli chepesi kinatembea juu ya mstari kwa kasi ninayoipanga mwenyewe. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ni kile kijiti cha chelewa tulichoshikishwa kwenye chuo cha Kurani tukiwa watoto, tukifuata herufi moja baada ya nyingine na mwalimu anasikiliza. Kijiti hakikuharakishi. Kinakuzuia usizubae. Na ukitaka kurudi nyuma, unarudi.

Naanza na kasi yangu ya kawaida, naongeza maneno 10 au 20 kwa dakika, nakaa hapo wiki nzima. Dakika 20 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo mimi huwa natazama tu, sisomi. Kabla ya kuanza nasoma kichwa cha habari na kujiandikia maswali mawili ninayotaka yajibiwe. Nikimaliza nafunika laptopu na kuhadithia kwa sauti: kwa bibi akiwa macho, la sivyo najirekodi kwenye simu. Kisha nafungua makala na kusikiliza nilichosema. Nikikosa jambo kubwa, kasi hupungua kesho yake, hata programu inipe nyota ngapi.

Jambo lililoniongezea kasi kuliko yote, lakini, halikuwa kivuli wala saa. Ni msamiati. Mada za kodi zilikuwa zinanichosha kwa sababu kila mstari ulikuwa na neno nisilolijua, nami nikilaumu macho. Nikaanza kuandika maneno matano kila siku kwenye daftari, pamoja na sentensi nilikoyakuta. Baada ya miezi miwili kurasa zilezile zilianza kupita zenyewe. Makala za bandari, ambazo ndiyo kazi yangu, nazisoma haraka tangu zamani bila mazoezi yoyote, na hilo lingenifungua macho mapema kama ningelitafakari.

Ukitafuta programu, jaribu ya bure kwanza, na uhakikishe unaweza kuiwekea maandishi yako mwenyewe. Yenye maswali baada ya kusoma ni bora kuliko yenye nyota. Kuza herufi, punguza mwanga usiku, na usifanyie mazoezi kivukoni. Jua la mchana halikuachii kuona kioo, na ukizubaa watu watakusukuma.

Mimi sasa niko 210 kwa Kiswahili. Bibi huuliza maswali matatu. Juzi nilijibu mawili, la tatu akanisaidia, lakini leso yake ya Alhamisi haina sarafu tena.