Chupa ya Matabishi: Unapomwongezea Mwenzako Kasiksi ya Nyumbani

Chupa iliyopasuka usiku ule ndani ya boti, kati ya Bukavu na Goma, ilikuwa yangu, na kosa lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimepanga ndani ya kasiye, yaani kreti ya matundu kumi na mawili, chupa kumi na moja za bia ya Amstel ya Bujumbura, zilizopandishwa kutoka Uvira kwa taabu unayoweza kuikisia kama unaijua ile barabara, na katika tundu la kumi na mbili nikatia kasiksi, pombe ya ndizi, niliyoitengeneza mwenyewe, ndani ya chupa tupu ya Primus iliyozibwa kwa kizibo na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Sikumwambia mwenzangu wa Goma, ninayebadilishana naye bia, kwa sababu nilitaka aikute kama matabishi, ile nyongeza ya bure, na kufurahi. Asubuhi alinipigia simu kutoka bandarini, na hata salamu haikutangulia: "Yaya, ulinitumia matabishi ao bomu?" Vipande vya kioo vilikuwa vimekata shingo za Amstel mbili, lebo zote zilikuwa zimelowa utamu wa ndizi, na nzi walikuwa wameisindikiza kasiye mpaka getini.

Ninaandika haya kwa ajili ya wale wanaobadilishana bia kama sisi, na ambao siku moja watashawishika kuweka chupa ya nyumbani juu ya hesabu. Wafanye hivyo, lakini wasifanye kama nilivyofanya mimi.

Kwanza nieleze biashara yetu, ingawa neno biashara ni kubwa mno kwake. Bia nyingi za ukanda huu hazivuki mpaka kwa njia ya kawaida, na hata zenye jina moja hazifanani. Primus inatengenezwa Kongo, Rwanda na Burundi, na kila nchi ina kiwanda chake. Tulianza urafiki huu kwa kukusanya chupa za nchi zote tatu ili tuzinywe jioni moja na tubishane. Mwenzangu wa Goma yuko jirani na Gisenyi ya Rwanda, ambako bia ya Mützig inatengenezwa, na mara kwa mara hupata bia za Ubelgiji kupitia ndugu wanaorudi likizo. Mimi niko karibu na barabara ya Uvira, kwa hiyo Amstel ya Burundi ni sehemu yangu, na nina shemeji Lubumbashi anayenitumia Tembo, ile bia nyeusi ya kule. Hesabu yetu ni chupa kwa chupa, isipokuwa zile za mbali: Orval moja ya Ubelgiji imeshawahi kwenda kwa Amstel tatu, na hakuna aliyenung'unika.

Sasa fikiri mama anayekuuzia maharage sokoni Kadutu. Anajaza kipimo mpaka kinakuwa na kilima, anakimimina ndani ya mfuko wako, kisha anatupia kiganja kimoja juu, na hicho kiganja ndicho matabishi. Angalia mpangilio wake: kipimo kinajazwa kwanza. Mama akipunguza kipimo kisha akakuongezea kiganja, hajakupa kitu, na wewe utajua hata kama hutasema. Bia ya nyumbani ndani ya mabadilishano inafuata utaratibu huohuo, maana kama mmekubaliana chupa kumi na mbili, zifike kumi na mbili za kiwandani, kisha yako iwe ya kumi na tatu. Mimi niliivunja sheria hii kabla hata chupa haijavunjika, kwa kuwa nilichukua tundu ambalo lilikuwa la Amstel.

Nimekuwa pia upande wa pili. Mtu mmoja tuliyebadilishana naye mara moja tu aliniletea pombe yake ya nyumbani, chupa tatu, badala ya Tembo tatu tulizoahidiana, akasema kwa uso mkunjufu kwamba thamani ni ileile kwa sababu ametumia siku nne kuitengeneza. Ningejibu nini? Jasho la mtu halina bei ambayo mwingine anaweza kuikataa bila kumtukana, na ndiyo maana halifai kuingizwa kwenye hesabu. Nilipokea, nikanyamaza, na sikumtafuta tena. Pombe yenyewe, kwa haki, haikuwa mbaya.

Jambo la pili ni kuuliza kabla. Wengine wataona swali linaharibu zawadi, lakini chupa ya kiwandani ina lebo inayosema kiasi cha kileo na siku ya mwisho ya kuinywa, wakati yako haina chochote ila uso wako, ambao haumo ndani ya kasiye. Mpokeaji ana haki ya kusema kwamba hanywi kitu kisichochemshwa, au kwamba nyumbani kwake hakuna friji. Swali likae fupi na liwe rahisi kukataliwa: "Nina kasiksi kidogo wiki hii, nikuwekee moja ao niache?" Ukiona jibu linachelewa, acha. Na kanyanga usiipendekeze kabisa, hata kwa mzaha. Pombe ya kukenekwa ambayo huna namna ya kuipima haipakiwi na kupelekwa kwa rafiki, sembuse kupitishwa mbele ya wakaguzi wa bandarini.

Sasa tuje kwenye ufundi, ambako mambo mengi yanaharibikia. Ndizi za pombe, na zangu hutoka kisiwa cha Idjwi, huvundikwa shimoni chini ya majani ya mgomba kwa siku tatu hadi tano, humenywa, hukamuliwa pamoja na nyasi mpaka maji yake matamu yatoke, kisha huchujwa, huongezwa maji, na hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Baada ya siku moja au mbili katika joto, chachu inakuwa imeamka kweli na chombo kinanguruma kama mzee aliyelala. Hapo ndipo kasiksi inapokuwa tamu zaidi kwa ulimi, na hapo ndipo haifai kabisa kusafiri, kwa sababu utamu ule ni sukari ambayo bado haijaliwa. Kila gramu moja ya sukari ikiliwa na chachu hutoa karibu nusu gramu ya gesi. Bia ya kawaida ya chupa hubeba takriban gramu tano za gesi kwa lita. Ukifunga kasiksi yenye gramu ishirini za sukari kwa lita, unatengeneza gesi mara mbili ya ile ambayo chupa imezoea kuibeba, tena ndani ya chupa iliyokwisha kugongwa na kuoshwa mara nyingi zisizojulikana. Ile yangu niliifunga siku ya pili.

Kwa hiyo siku hizi sitii kasiksi ndani ya kioo. Ninatumia chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda, na ninasisitiza soda, si ya maji ya kunywa, kwa kuwa ya soda imetengenezwa ili ishike gesi na ya maji ni nyembamba mno. Ninaacha nafasi ya vidole vinne juu, ninaikamua kidogo hewa itoke, ninafunga. Plastiki ina faida ambayo kioo hakina, kwamba unaweza kuuliza kwa vidole: ikibonyea, bado, ikiwa ngumu kama jiwe, legeza kizibo polepole mpaka inong'one, kisha kaza tena. Wakati wa safari inasimama wima ndani ya mfuko wake peke yake, nje ya kasiye, mahali ambapo hata ikivuja haitadhuru chupa ya mtu. Baridi huituliza chachu, kwa hiyo ninailaza kwenye friji usiku wa kuamkia safari, umeme ukikubali.

Maji ya kuongeza ni lazima yachemshwe na kupoa yakiwa yamefunikwa. Kipindupindu ni mgeni asiyeaga katika miji ya kandokando ya Ziwa Kivu, na kileo kidogo cha kasiksi si dawa ya kukitibu wala kukizuia. Pombe ya kumpa mtu aliye mbali naitengeneza kwa uangalifu kuliko ile tunayokunywa nyumbani, ambayo nikikosea nitaugua pamoja na waliokosewa.

Halafu kuna karatasi. Ninaibandika kwa gundi ya karatasi pana, nikiandika siku niliyokamua, siku niliyofunga, vilivyomo (ndizi, maji yaliyochemshwa, mtama), siku ya mwisho ya kuinywa, na maneno "fungua polepole". Lakini neno la juu kabisa, kwa herufi kubwa, ni POMBE. Hili nilifundishwa na mke wa mwenzangu, ambaye alimkuta mtoto wake wa miaka sita ameishika chupa ya soda yenye kinywaji cha rangi ya dhahabu kinachonukia ndizi, tayari kuifungua. Alinieleza kwa heshima zote, "Yaya, mtoto hawezi kujua kama hii si jusi," nami nikaona aibu kuliko siku ya bomu.

Swali la umbali linajibiwa na kalenda. Goma inawezekana, kwa sababu boti inayoondoka jioni inafika asubuhi na kasiksi bado ina siku mbili au tatu za ubora kabla haijachachuka kuelekea siki. Lubumbashi haiwezekani. Mzigo wa shemeji yangu ukikosa ndege hushuka kwa treni hadi Kalemie, huvuka Tanganyika kwa meli hadi Uvira, kisha hupanda huku kwa gari, na hayo yote yanaweza kula majuma. Tembo inavumilia ikifichwa jua, maana ni mwanga unaoharibu kilichomo ndani ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na kuleta ile harufu mbaya, na kioo cha kahawia kinaikinga kuliko cha kijani. Kasiksi haina hopsi wala uvumilivu. Kwa shemeji ninaongeza Amstel moja, naye anaridhika.

Baada ya kutuma, nyamaza. Usipige simu siku ya pili kuuliza kama ameipenda, kwa sababu jibu pekee aliloachiwa ni ndiyo. Mimi husubiri kasiye irudi na chupa tupu, kisha nauliza yanayojibika: uliinywa siku gani, gesi ilikuwaje, mtama uliuonja ao haukusikika? Ni kwa maswali hayo nilijua kwamba nilikuwa nakaanga mtama kupita kiasi, mpaka uchungu unabaki kooni. Na ukiwa wewe ndiye uliyepokea, usijione una deni la kurudisha ya nyumbani. Rudisha chupa tupu iliyosuuzwa, inatosha.

Mwenzangu alikaa miezi mitatu bila kuitaja kasiksi, nami sikuitaja. Kisha, tulipokuwa tukipanga kasiye nyingine, akasoma orodha yake mpaka mwisho, Amstel kumi na mbili kwa Mützig tisa na Chimay moja ya Ubelgiji, akakohoa kidogo na kuuliza kama kule Idjwi ndizi zimeiva.