Neno "pombe" usiliandike kwa kusikia

Jumatatu iliyopita nilipata ujumbe wa kijana wa Wete, amemaliza masomo ya kumbukumbu za afya juzi juzi tu. "Shikamoo dada. Daktari kaandika sirosisi basi, lakini wodi nzima inajua mgonjwa ni mnywaji. Nimuwekee msimbo gani?" Akaambatisha na picha ya ukurasa wa faili. Sirosisi ni ini lililojaa makovu likakakamaa, na msimbo ni herufi na tarakimu tunazoupa kila ugonjwa kutoka orodha ya kimataifa iitwayo ICD-10.

Swali hilo nililikuta mimi mwaka wangu wa pili kazini, hapa Unguja, na sikumuuliza mtu.

Mgonjwa alikuwa mvuvi wa makamo, tumbo limejaa maji, macho manjano. Daktari kaandika sirosisi, katia sahihi. Muuguzi mmoja akaniambia mlangoni, "Huyo ni pombe tu hiyo, kila mtu anajua." Nikaandika K70.3, yaani sirosisi iliyoletwa na pombe. Nilijiona hodari, wallahi. Wenzangu wangeweka K74.6, ya sirosisi isiyotajwa sababu, mimi nimeipata ya ndani zaidi. Nilipochapisha muhtasari wa kuruhusiwa, maneno yakatoka kama msimbo ulivyo, na pombe imo.

Wiki tatu baadaye akaja nduguye dirishani. Hakupaza sauti. Aliilaza karatasi mbele yangu, akaweka kidole kwenye ule mstari, akauliza, "Nani alimuona?"

Mimi nimezaliwa humu humu, sikuhitaji kufasiriwa. Karatasi ile ilikuwa imeshapita kwa mwajiri wa mtoto wake na kwa wakwe. Mtu anaswali safu moja na majirani zake miaka thelathini, halafu spitali inamwandikia mlevi, na mwandishi ni mimi niliyesikia maneno mlangoni.

Nikalifungua faili mbele yake. Nyuma kabisa, limebanwa kwa pini, lilikuwepo jibu la maabara ambalo sikulifunua: homa ya ini B, chanya. Daktari akaitwa, akaandika upya kwa mkono wake: sirosisi, sababu ni homa ya ini B sugu. Ikawa K74.6 pamoja na B18.1.

Aibu ya familia ilikuwa nzito, lakini lipo lililonikosesha usingizi zaidi. Homa ya ini B inaambukiza, kwa damu, kwa tendo la ndoa, na mama kwa mtoto anapozaa. Mke wa yule bwana alipaswa kupimwa, watoto wapimwe, na wasio nayo wachanjwe. Muhtasari wangu uliwaambia kwamba ini limeharibiwa na ulevi wa mtu mmoja, kwa hiyo hapakuwa na wa kupimwa. Wiki tatu zilipita hivyo kwa sababu yangu.

Nilipewa onyo la maandishi, na nilistahili.

Kilichofuata nakisema kwa uchungu vile vile. Nikaanza kuogopa. Kwa muda wa karibu miaka miwili, hata pale daktari alipoandika wazi kwamba sababu ni pombe, mimi nikiweka K74.6. Nikijiambia ninamsitiri Muislamu mwenzangu. Siku moja tukatakiwa kueleza wagonjwa wangapi wa ini wanatokana na pombe, nikafungua takwimu zetu nikakuta sifuri. Sifuri ile niliitengeneza mimi kwa mkono wangu, na nyuma yake walikuwemo watu ninaowakumbuka kwa sura. Anayetaka kupanga huduma ya kuwasaidia watu waache pombe ataianzia wapi, ikiwa kwenye daftari letu hakuna hata mmoja?

Basi mdogo wangu, sikiliza. Tetesi za wodini si maandishi. Hata mgonjwa akinuka pombe, hata vipimo vyake vya ini vikionyesha kimeng'enya cha AST kimepita cha ALT mara mbili, jambo linalomfanya daktari ashuku pombe, wewe huna ruhusa ya kuunganisha. Anayeunganisha ugonjwa na sababu yake ni daktari, kwa maandishi yake. Na akishaunganisha, huna ruhusa ya kutenganisha alichounganisha.

Kwa hiyo rudi kwake na faili. Usimuulize, "Daktari, hii ni ya pombe, au sio?" Hapo umeshamtia neno mdomoni, naye ana foleni nje, atakuitikia aende zake. Muulize, "Sababu ya sirosisi ya huyu ni ipi kwa unavyoona wewe?" Kisha muombe aandike. Jibu la mdomo halikai kwenye faili. Mimi madaktari walinichukia mwanzo, leo wako wanaoniita wenyewe kabla hawajatia sahihi, na sioni haya kusema kwamba najivunia hilo.

Akisema ni pombe, muulize na yaliyobaki, maana K70, kundi la magonjwa ya ini yaletwayo na pombe, lina ngazi zake: mafuta kwenye ini ni K70.0, ini kuvimba kwa pombe ni K70.1, makovu K70.2, sirosisi K70.3, ini kushindwa kazi K70.4. K70.9 ni ya pale ambapo hakuna aliyefafanua, na ukiiona imejaa kwenye rejesta ujue watu hawakuulizana. Uraibu nao una mahali pake, F10.2, lakini uandikwe na daktari kwamba upo. Si kila aliyeharibikiwa ini kwa pombe ni mraibu.

Jihadharini pia na masomo ya mtandaoni, mengi ni ya Marekani. Wao wana K70.30 na K70.31, kutofautisha asiye na maji tumboni na mwenye nayo. Toleo la Shirika la Afya Duniani la ICD-10 linaishia K70.3. Nimeona vijana wawili wakihangaika asubuhi nzima na mfumo unaokataa tarakimu ya mwisho.

Na wewe wa Wete, mpaka daktari aandike sababu, msimbo wa faili lako ni K74.6. Nenda kwake kesho. Ile picha uliyonitumia, jina la mgonjwa linasomeka juu kulia, na shehia yake. Mimi nimeshaifuta. Ifute na kwenye simu yako, na kama umemtumia mwengine, mwambie naye aifute.