Usiifungie friji kabatini, mleta uzi

Simama hapo hapo. Usimpe huyo fundi hata shilingi ya advansi. Umeuliza, ukipangua jiko lako la Nyegezi hapa Mwanza, friji ikae wapi, sinki lihamie dirishani au libaki, na vigae vya rangi gani. Halafu mwishoni ukatupia, kama jambo dogo, kwamba fundi ataijengea friji kabati hadi juu "isionekane". Hapo ndipo mimi nilipoingizwa mjini.

Wangu alikuja na picha kwenye simu, jiko la Ulaya, kila kitu kimefichwa. Nikamuuliza, hewa je? Akanijibu, "Bosi, friji ni ya baridi, joto litoke wapi?" Mtu mzima, penseli sikioni! Msinicheke, mngeiona ile picha mngelipa na nyie.

Joto linatoka humo humo. Friji inachota joto la ndani na kulimwaga nje kupitia ule wavu mweusi wa nyuma. Zile zenye mgongo bapa, mabomba mengi yamefichwa mbavuni, ndiyo maana ukizigusa pembeni zina moto. Ukiibana kwa mbao pande zote, kompresa, ile injini yake, haipumziki. Ni kumvalisha mtu koti la mtumba la soko la Mlango Mmoja saa saba mchana, halafu umwambie akimbie.

Dalili nilizipata zote. Uniti za umeme wa LUKU zikawa zinayeyuka, nikamshuku mpangaji wa uani (maskini, ana taa moja na redio). Barafu ikagoma kuganda, nikazungusha kitufe cha baridi hadi mwisho, kumbe naizidishia mzigo. Asubuhi moja, kimya. Nafungua mlango, taa inawaka vizuri tu, lakini vipande vya sangara niliyemfuata soko la samaki la Mwaloni kwa ajili ya wageni vinaelea kwenye maji ya rangi ya chai. Harufu ilihamia mpaka kwenye mapazia.

Fundi friji akapenyeza mkono nyuma ya kabati, akauchomoa haraka, akauliza, "Nani kakufanyia hivi?" Kompresa imeungua. Kompresa mpya, gesi na ufundi vikakaribia bei ya friji ya mtumba, na kabati likavunjwa ili friji itoke. Nampigia yule kanjanja, ananiambia eti kosa ni la friji, ya Kichina.

Na msiniletee habari za upepo wa ziwa. Hauingii kabatini. Jiko langu limeegemea jiwe, ukuta wa nyuma hauna hata tundu.

Friji kwanza, kabati baadaye. Iwashe, iache ifanye kazi, kisha papasa mbavu na mgongo: penye moto ndipo panapotaka nafasi. Kijitabu chake kina vipimo. Kama kimepotea, acha angalau upana wa kiganja nyuma na kila ubavu, juu zaidi ya hapo. Iwe mbali na jiko la gesi na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Zipo friji za kujengewa kabatini, baadhi zinapumulia chini kwa mbele, ila hiyo ya kwenye picha uliyoweka kwenye uzi siyo, wavu wake nimeuona.

Sinki lifuate bomba la maji machafu lilipo. Tupia hapa vipimo vya friji na upana wa hiyo nafasi kabla mbao hazijakatwa.