Kufungua mtaa mpya wa Anglikana Mirerani na kwenye maboma ya Longido: jibu refu

Bwana asifiwe, mkuu. Umeuliza mambo matatu: parishi yenu ya Arusha mjini ianzeje mtaa (kusanyiko dogo chini ya parishi) Mirerani, ianzeje kwenye maboma ya Wamaasai upande wa Longido, na Warundi na Wakongo wanaosali kwenu wapewe ibada yao au wabaki humo humo. Nimeona waliotangulia kukujibu wamekimbilia mabati, spika na kinanda. Hayo yasubiri.

Kabla ya kiwanja, pigeni hesabu ya kasisi. Kwetu Waanglikana mwinjilisti anaongoza Sala ya Asubuhi, anahubiri, anafundisha darasa la ubatizo na kuzika. Meza ya Bwana, yaani Ushirika, ni ya kasisi, na kipaimara ni cha askofu. Sasa chukua parishi yenye kasisi mmoja na mitaa minane. Akienda mtaa mmoja kila Jumapili, kila mtaa unampata mara moja kwa wiki nane. Ongeza miwili unayoitaka, zimekuwa wiki kumi, na masika ikikata njia upande wa Longido ni zaidi ya robo mwaka bila Ushirika. Mtu aliyezoea kushiriki kila mwezi hasubiri hivyo. Anahamia kwa jirani, na huwezi kumlaumu. Mitaa mingi mipya inakufa hapa, ingawa taarifa ya mwaka huandika kwamba watu ni wagumu.

Njia za kutoka zipo. Kasisi anaweza kuendesha ibada mbili Jumapili moja, saa moja asubuhi Mirerani na saa tano makao ya parishi. Mabomani si lazima iwe Jumapili. Siku yoyote isiyo ya mnada inafaa, na mara nyingi inafaa zaidi. Njia ninayoipendelea mimi ni kumwomba askofu afikirie kasisi au shemasi mwenye kazi yake, mwalimu au mstaafu, ambaye parishi inampa nauli na posho ndogo badala ya mshahara kamili. Kuna wanaopendekeza mkate na divai vilivyokwisha kuwekwa wakfu vipelekwe na shemasi. Hilo aamue askofu, msijiamulie, maana waumini wenu wengine hawatalikubali kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu Uanglikana wa Tanzania una mito miwili. Wanaotoka Dodoma, Mpwapwa na Kigoma wamelelewa na CMS, chama cha wamisionari Waanglikana wa mrengo wa kiinjili: ibada nyepesi, mahubiri marefu, toba na ushuhuda. Wanaotoka Tanga, Zanzibar na Masasi wamelelewa na UMCA, chama cha wamisionari Waanglikana walio karibu na desturi za Kikatoliki: misa, mishumaa, ishara ya msalaba, hata ubani. Tumekuwa jimbo moja tangu 1970, lakini Mgogo na Mmakua wakikutana Mirerani kila mmoja anaona mwenzake kaingiza kitu kigeni. Katika mwaka wa kwanza ugomvi huu unasumbua kuliko ukabila. Kubaliana mapema, kwa maandishi, kwenye kikao cha kwanza: maneno ya Kitabu cha Sala yasomwe kama yalivyo, mavazi yawe kanzu nyeupe na stola, anayefanya ishara ya msalaba asizuiwe na asiyefanya asilazimishwe. Kwaya iimbe za pande zote. Nyimbo za Kigogo ziwekwe kwenye matoleo, zina mwendo wake na watu watatoka na sadaka wakicheza.

Jambo la jirani. Kaskazini hii ina wenyewe. CMS walianza Moshi 1885 wakaondoka 1892, na mwaka uliofuata wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakaingia. Ndiyo maana mlimani ukikutana na Mkristo, mara nyingi ama ni wa KKKT, yaani Mlutheri, ama ni Mkatoliki. Kwenda Marangu au Machame kufungua mtaa kwa Wachaga waliokwisha kubatizwa ni kuhamisha kondoo zizini kwa mtu. Kwa upande wa Moshi kazi yenu halali iko tambarare, kwenye mashamba ya miwa ya TPC, Chekereni, Kahe, kwa vibarua na wakulima waliotoka mikoa ya Waanglikana na hawana pa kusali. Huko Mirerani na Longido vilevile, kabla ya ibada ya kwanza nendeni mkamsalimu mchungaji wa KKKT na paroko. Hamwombi ruhusa, mnajitambulisha tu, na mnaeleza mnamfuata nani.

Karatasi nitazipitia haraka. Mtaa hausajiliwi peke yake. Unakaa chini ya usajili wa Kanisa. Mnachohitaji ni barua ya dayosisi kwenda kwa mtendaji. Ardhi ya kijiji inafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia. Chukueni nakala ya muhtasari pamoja na orodha ya mahudhurio yenye sahihi, siku hiyo hiyo, si baada ya uchaguzi kubadilisha viongozi. Kiwanja kiandikwe jina la Bodi ya Wadhamini ya dayosisi. Kikiandikwa jina la mzee wa kanisa, siku akifariki watoto wake watakiuza na hamna pa kwenda kulia. Mirerani ni mji mdogo, kwa hiyo angalieni kama kiwanja kimepimwa na matumizi yake ni yapi. Kilichoandikwa makazi kinahitaji kubadilishiwa matumizi kwanza, na hilo linachukua muda.

Mirerani yenyewe ni mji wa machimbo ya tanzanite. Watu wake wametoka kila mkoa, vijana wengi, wanaume wengi, na wanahama. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa shimoni, hana mshahara: mwenye mgodi anamlisha, na jiwe likitoka anapata mgao. Kwa hiyo sadaka ya huko ni miezi ya mia tano mia tano, kisha Jumapili moja mtu anatoa milioni. Kosa la kawaida ni kuchukua ile milioni mkaipandisha kuwa bajeti ya mwaka, mkamwajiri mwinjilisti juu yake. Miezi mitatu baadaye hamna cha kumlipa. Posho ya mwinjilisti ipangwe kwa sadaka ndogo za kila juma na mchango wa parishi mama. Zawadi kubwa iende kwenye kitu kisichodai matumizi ya kila mwezi: kiwanja, tanki, benchi. Na mshukuruni mtoaji bila kumpa uzee wa kanisa siku hiyo hiyo.

Kazi ya shimoni haiheshimu Jumapili. Ibada ya alfajiri na sala ya jioni katikati ya juma zitawapata wengi kuliko ibada ndefu ya saa nne. Mtaa wa namna hii usitegemee viongozi vijana peke yao, maana jiwe likisikika kwingine wanaondoka. Uti wa mgongo ni mama lishe, wenye maduka, walimu na manesi. Anzeni Umoja wa Akina Mama mapema. Na kila anayehamia aulizwe barua ya utambulisho kutoka parishi yake ya nyumbani. Asiye nayo asikataliwe, ila pigeni simu kwao kabla ya kumfungisha ndoa. Kuna walioacha mke Kondoa au Kibondo.

Longido ni habari nyingine kabisa, na ukiipeleka ratiba ya Mirerani huko utafeli. Msianze na wanawake na watoto, ingawa hao ndio watakaokuja kwanza na kwa wingi. Anzeni na laigwanani, kiongozi wao wa kimila, na wazee wa boma, mkae chini ya mti, mseme mnataka nini na mkae kimya mpaka wamalize kujadili. Inaweza kuchukua vikao kadhaa. Mkiruka hatua hiyo mtapata kanisa la akina mama lililojaa, halafu siku mzee mmoja akichukia, boma zima linakatazwa.

Lugha ni Kimaasai. Vijana waliosoma wanajua Kiswahili, mama zao wengi hawakijui vizuri. Biblia nzima ya Kimaasai ipo, lakini wasomaji ni wachache, kwa hiyo fundisheni kwa masimulizi na kwa nyimbo za kuitikiana, habari moja kwa kila kipindi, mtu wao aisimulie tena palepale mbele ya wenzake. Mwinjilisti awe Mmaasai au Mwarusha. Akikosekana, subirini mumfundishe mmoja kuliko kumpeleka Mpare na mkalimani. Majani mabichi mkononi ni alama ya amani kwao, yanafaa sana wakati wa kupeana amani. Ila mti wa oreteti, ambao wazee wanauombea, msiutundikie msalaba bila kuulizana nao.

Kiangazi wanaume na mifugo wanahama. Darasa la ubatizo lianze mvua zikishanyesha, vinginevyo mtafundisha nusu ya watu mara mbili. Maji ni shida, lakini ubatizo wetu wa kumimina unahitaji kikombe tu. Sadaka ya mbuzi ipigwe mnada baada ya ibada, fedha ihesabiwe hapo hapo mbele ya watu.

Wake wengi: hili litakuja mwezi wa kwanza. Lambeth, mkutano wa maaskofu Waanglikana wa dunia nzima, ya 1888 ilikataa kumbatiza mwenye wake wengi. Lambeth ya 1988, azimio la 26, ilikubali abatizwe na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto walioamini, kwa sharti kwamba asioe mwingine maadamu yeyote kati ya wake alionao bado yu hai, na jumuiya ya Waanglikana wa pale iridhie. Asilazimishwe kufukuza wake, kwa sababu anayefukuzwa anabaki hana ng'ombe wala pa kulala. Maazimio ya Lambeth hayana nguvu ya sheria kwenye dayosisi, kwa hiyo mwulizeni askofu mapema na mpate jibu kwa maandishi, ili mwinjilisti asiseme hivi na kasisi akaja kusema vile.

Ukeketaji hauna njia ya katikati. Sheria ya 1998 inaukataza kwa msichana aliye chini ya miaka 18, na darasa la ubatizo liseme waziwazi, kwa baba na mama pamoja. Likizo ya Desemba ndiyo ya hatari, basi mafundisho hayo yawe Oktoba na Novemba. Mkiyaacha yaje na wageni wa semina, wazee wataona ni maneno ya mjini.

Warundi na Wakongo. Kwanza msiwafunge kapu moja. Arusha ina watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika, wenye mikataba ya miaka michache, na ina mafundi cherehani, wachuuzi na wasaidizi wa ndani. Hawa wa pili ndio wanaohitaji ibada ya lugha yao. Wa kwanza wengi wataridhika na ile ya Kiingereza. Mimi nisingewafungulia kanisa pembeni. Ibada ya Kirundi au Kifaransa iwe mara moja kwa mwezi, mchana, humo humo, na Jumapili nyingine somo moja na wimbo mmoja viwe vya lugha yao katika ibada kuu. Wapeni viti viwili kwenye halmashauri ya parishi tangu mwanzo. Mgeni anayeimba kwaya miaka mitano bila kushika hata daftari la sadaka atafungua huduma yake sebuleni.

Mkimbizi kisheria anakaa kambini na kutoka kunahitaji kibali, kwa hiyo orodha zenu ziandike jina, ubatizo na simu, basi. Hadhi ya mtu isijadiliwe kwenye matangazo. Na mkileta kasisi kutoka Bujumbura au Bukavu, barua ya askofu wake kwa askofu wenu itangulie, halafu kibali cha kazi na kibali cha ukaazi daraja C, ambalo ndilo la wamisionari. Asipande madhabahuni kwa visa ya matembezi, hata kwa Jumapili moja ya kujaribu.