Joshua hajaisha, ila kasoro yake ni ya hatari

Ndugu mleta mada, umeuliza kama Anthony Joshua, bondia Mwingereza wa uzito wa juu, atundike glovu baada ya kipigo alichokipata kwa Mwingereza mwenzake Daniel Dubois kwenye uwanja wa Wembley, London, Septemba 21, 2024. Nakujibu nikiwa mtu aliyekaa muda mrefu kwenye kona za mabondia wa hapa Mtwara, na pambano lile liliniuma sana.

Wengi wanavihesabu vipigo vyake vinne kwa pamoja, jambo ambalo si sahihi. Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda mwaka 2021 na 2022 kwa pointi, bila kumwangusha hata mara moja; pale alizidiwa ufundi, na Usyk amewazidi wengi. Kinachonitia hofu ni jinsi kipigo cha Dubois kinavyofanana na kile cha Andy Ruiz cha mwaka 2019. Ruiz alikuwa ameshaangushwa katika raundi ya tatu, Joshua akaingia kummaliza, akakutana na ngumi ya kushoto iliyompeleka chini yeye mwenyewe. Kwa Dubois, ambaye alikuwa ameshamwangusha Joshua tangu raundi ya kwanza, Joshua alimpata Dubois kwa mkono wa kulia katika raundi ya tano hadi akayumba, kisha akamkimbilia na ngumi ya kutokea chini huku kidevu kikiwa wazi, na mkono wa kulia wa Dubois ukamaliza kazi.

Kasoro hiyo naifahamu kwa karibu. Kijana mmoja niliyemsimamia Mikindani, kila alipomwona mpinzani anayumba, mkono wake wa kushoto ulishuka hadi usawa wa kiuno na sauti ya kona hakuisikia tena. Mazoezini, kila aliporusha ngumi ya kulia nilimgonga kwa pedi kwenye shavu la kushoto, mpaka akazoea kuuacha mkono juu. Lakini yule alikuwa bado mdogo. Joshua alipanda ulingoni akiwa na miaka 34, na tabia ya namna hii haing'oki kirahisi, hasa kichwa kikiwa kimeshatikiswa.

Kwa maoni yangu asistaafu kwa sababu ya usiku mmoja, ila marudiano ya haraka na Dubois ningeyakataa kabisa kama ningekuwa kwenye kona yake. Apumzike miezi kadhaa bila kupigwa kichwani mazoezini, kisha apewe bondia asiye na ngumi nzito, nasi tumtazame atakapomtikisa. Mkono wa kushoto ukishuka tena, kocha wake ndiye amwambie kwamba inatosha.