Kabla hujakirekebisha kipimo

Maji yanayochemka Dodoma katika sufuria iliyo wazi hayafiki nyuzi joto 100. Huchemkia kwenye nyuzi 96 na kidogo, kwa sababu mji uko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari na mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko wa pwani. Naanza na jambo hili kwa sababu nililijifunza kwa hasara, katika mwaka wangu wa kwanza wa kufunga na kutengeneza vipimo vya viwandani.

Niliitwa katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya alizeti, ambako kipimo cha joto cha pipa la kukaangia mbegu kilikuwa kikionyesha nyuzi chache pungufu ya geji ya mkono. Nilikichomoa kihisi, nikakitumbukiza katika maji yaliyokuwa yakitokota, nikasoma 96. Kwa kuwa nilifundishwa kwamba maji huchemka kwenye 100, niliiongezea transmita, yaani kifaa kinachobadili ishara ya kihisi kuwa mkondo wa umeme unaotumwa kwenye kioo cha kusomea, nyuzi 4 na kuondoka nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Baada ya wiki moja nilipigiwa simu kwamba mashudu yanatoka yakiwa na mafuta mengi kuliko kawaida, maana mbegu sasa zilikuwa zikipashwa chini ya kiwango huku kioo kikionyesha kwamba joto linatosha. Ubovu wenyewe ulikuwa mahali pengine kabisa: kihisi kilikuwa kifupi kuliko mfuko wa chuma kilimochomekwa, hivyo ncha yake ilining'inia hewani badala ya kugusa mwisho wa mfuko, ikawa inapima joto la ile hewa. Kihisi kilikuwa kizima tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo sigusi skrubu wala menyu ya marekebisho kabla ya kuifuata safari yote ya kipimo, kuanzia kitu kinachopimwa hadi tarakimu inayosomwa. Kwa joto, jaribio ninaloliamini ni la barafu: ponda barafu ya maji safi, ijaze katika chupa ya chai, ongeza maji kidogo tu ya kuziba mianya, kisha acha kihisi humo kwa robo saa. Barafu inayoyeyuka huwa kwenye nyuzi 0, uwe Dodoma au Tanga. Kihisi cha aina ya Pt100, yaani cha platinamu ambacho ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu, huongezeka kadiri joto linavyopanda, kinapaswa kuonyesha omu 100 hapo, na katika maji yanayochemka ya hapa Dodoma kitatoa omu 137 hivi, si 138.5 iliyomo katika jedwali la nyuzi 100. Kumbuka pia kwamba badiliko la nyuzi 1 ni omu 0.385 tu. Terminali iliyolegea na kuongeza omu 1 kwenye waya inatosha kukudanganya kwa zaidi ya nyuzi 2 na nusu, na hakuna marekebisho yatakayoiponya isipokuwa bisibisi.

Mwinuko huu unagusa presha pia. Kipimo cha presha kamili, yaani kinachoanza kuhesabu kutoka utupu, kikiachwa wazi hapa Dodoma husoma karibu baa 0.89, na nimekuta mafundi wakikipandisha hadi 1.01, ambayo ni ya usawa wa bahari, kwa kudhani kimelala. Soma kibao cha kifaa kwanza.

Vifaa vingi ninavyofunga hutuma habari kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20, na ninawasihi vijana wanaoingia katika kazi hii wauelewe mfumo huu hadi waweze kupiga hesabu yake kichwani. Chukua tangi la maji lenye kimo cha mita 5: miliampia 4 ni tangi tupu, 20 ni tangi lililojaa, na 12 ni mita 2 na nusu. Sifuri iliwekwa kwenye 4 makusudi, ili mkondo ukipotea kabisa ujue kwamba waya umekatika au umeme wa volti 24 haufiki, badala ya kudhani kwamba tangi limekauka. Ukiunganisha multimita, yaani kipimo cha umeme cha mkono, katika mstari wa waya unaopitisha mkondo huo na kuona 12, na kioo kinasema mita 3, basi ubovu uko upande wa kioo au wa mpangilio wake, na huna haja ya kupanda tangini. Ila kabla hujaufungua mstari wowote, mwambie mwendeshaji na mtambo uwekwe katika uendeshaji wa mkono, kwa sababu mkondo ukikatika ghafla pampu inaweza kujiwasha au kujizima wakati mwenzako ameishika.

Ubovu ulionisumbua kuliko wote ulikuja na mvua. Hapa kwetu mvua hukawia hadi karibu Desemba, na kwa miezi ya kiangazi visanduku vya nje vya maungio ya nyaya hukaa katika vumbi na jua, mipira yake ya kuzuia maji ikikauka na kupasuka bila mtu kuona. Mwaka mmoja, siku mbili baada ya mvua ya kwanza, tangi la wateja wangu fulani lilianza kuonyesha maji mengi kuliko yaliyomo. Pampu ikawa inazimwa mapema, na watu wa chini wakakosa maji huku kioo kikisema kuna zaidi ya nusu. Nilipopanda na kufungua kisanduku cha maungio, nilikuta glendi, yaani kibano cha tundu ambamo waya huingilia, imefungwa ikitazama juu, na waya ukishuka moja kwa moja ndani yake bila kupindwa, kwa hiyo kila tone lililoteleza juu ya waya liliongozwa hadi ndani. Vumbi la miezi saba lilikuwa limegeuka tope jembamba kati ya terminali mbili, na shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Tope hilo lilipitisha mkondo wake lenyewe, ukijumlika na ule wa transmita. Katika tangi la mita 5, miliampia 1 ya ziada ni sentimita 31 za maji yasiyokuwepo.

Nilisafisha, nikakausha, nikakata ncha zilizooza, nikaigeuza glendi itazame chini na kuupinda waya uwe na tumbo linaloshuka kabla ya kuingia, ili maji yadondokee nje. Kipimo kilirudi mahali pake bila kubadilishiwa hata tarakimu moja. Kazi hii ya kuelekeza glendi chini huchukua dakika chache siku ya kufunga.

Kwa mita za sumaku za kupimia mtiririko wa maji, tatizo ninalolikuta zaidi ni mahali zilipofungwa. Bomba lazima lijae maji wakati wote, na pawe na kipande kilichonyooka kabla ya mita, angalau mara 5 ya kipenyo cha bomba. Ukiibana mara tu baada ya kona au valvu itasoma kwa kuyumba. Kwa bomba la plastiki weka pete za ethi, yaani pete za chuma za kuunganisha maji na ardhi kiumeme. Nyaya za vihisi nazo zisilazwe pamoja na nyaya za mota zenye inveta, yaani kifaa cha kubadili kasi ya mota, na ngao ya waya wa kihisi, yaani wavu wa chuma unaouzunguka, ifungwe ethi upande mmoja tu, kwa kawaida kwenye paneli.

Kipimo kinachotumika kuuzia ni habari tofauti: hicho huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na fundi hana ruhusa ya kuvunja lakiri yake eti anasaidia. Multimita yako na geji zako za kulinganishia nazo zinahitaji kupimwa na maabara inayotambulika, kama ile ya ugezi, yaani ya sayansi ya vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa maana huwezi kumsahihisha mwenzako kwa rula iliyopinda.

Siku ninapokabidhi kazi, hubandika ndani ya mlango wa paneli karatasi iliyofunikwa kwa plastiki. Juu yake naandika miliampia nilizozisoma tangi likiwa tupu, likiwa nusu na likiwa limejaa, omu za kihisi katika barafu, rangi ya kila waya, na tarehe. Fundi atakayekuja baada ya miaka 3, mimi au mwingine, ataanzia hapo.